Kukwepa Ngumi na Kukwepa Mtu

Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa mambo mawili ambayo mashabiki wa ngumi hawakubali kuyaweka pamoja. Bondia akiinamisha kichwa ngumi ikapita juu ya nywele zake, husemwa kuwa amekwepa, na ukumbi mzima humshangilia. Bondia huyo huyo akikataa kutia saini mkataba wa kupigana na mtu ambaye watu wote wanamtaja, husemwa pia kuwa amekwepa, na safari hii neno hilo hutemwa. Ndani ya kamba kukwepa ni ufundi. Nje ya kamba ni aibu. Wala si rahisi kueleza kwa nini, maana katika hali zote mbili mtu amefanya jambo moja: ameyaona maumivu yanakuja, akauepusha mwili wake.

Vijiwe vya kahawa vya Kariakoo, kuanzia Gerezani hadi Msimbazi, vimelilea swali hili kwa miaka mingi, na kila kizazi huja na majina yake. Miaka ya 2020 ilipoanza, majina yalikuwa mawili: Hassan Mwakinyo wa Tanga na Twaha Kassim wa Morogoro, ambaye watu humwita Twaha Kiduku. Mwakinyo alijulikana nchi nzima Septemba 2018, alipoitwa Birmingham kwa taarifa ya muda mfupi, akamsimamisha Mwingereza Sam Eggington katika raundi ya pili. Kiduku alijenga jina nyumbani, khasa alipomshinda Abdallah Pazi, yule Dulla Mbabe, mwaka 2020 na tena mwaka 2021. Tanga ina watu wake Kariakoo, na Morogoro ina watu wake. Kila upande ulilitaka pambano hilo, na kila upande ulikuwa na maelezo yake kwa nini kengele haigongwi. Miaka ikapita, kengele haikugongwa.

Waliomtetea Mwakinyo walitaja uzani. Jina lake alilipata katika uzani wa ratili 154, yaani kilo 70 kasoro kidogo, na sifa za Kiduku zilipatikana katika uzani ulio juu ya huo. Ngumi ziligawanywa kwa mizani ili mtu asiumizwe na wingi wa nyama badala ya ufundi. Jambo la kuchekesha ni kwamba muuza mchele wa Kariakoo, ambaye atagombana na mteja kwa robo kilo, akifika kwenye ngumi huona kilo tano kuwa ni kisingizio. Kisha watetezi wakaongeza hoja nyingine: Septemba 2022 Mwakinyo alikwenda Liverpool kupigana na Liam Smith, mtu aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, mbele ya watu wa kwao Smith. Alishindwa katika raundi ya nne, lakini alikwenda. Mtu aliyemfuata Smith Liverpool atamwogopa nani Morogoro?

Hoja hii ina nguvu, na bado haimalizi mambo. Kushindwa na mgeni ugenini kuna dawa zake nyingi: baridi, majaji, safari, vyakula. Kushindwa na jirani hakuna dawa. Aliyekushinda Liverpool anabaki Liverpool. Aliyekushinda Dar es Salaam utakutana naye stendi, utakutana na binamu yake sokoni, na watoto watalitaja jina lake unapopita. Mpinzani mgumu kuliko wote huenda asiwe yule mwenye mkono mzito. Huenda akawa yule ambaye kushindwa naye hakusahauliki. Kwa hiyo mashabiki wanaposema "amemkimbia" hawazungumzii woga wa ngumi peke yake. Wanazungumzia woga wa kuishi na matokeo.

Lakini shabiki anadai kwa haki gani? Hili ndilo swali ambalo vijiwe hulipita haraka. Anayedai pambano amelipa kiingilio, au hata hicho hakulipa; anayedaiwa ataweka ubongo wake, macho yake, na miaka yake ya uzeeni. Watu wa pwani walikwisha kuliona hilo zamani, wakasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hiyo husomwa kama kejeli kwa mwoga, na pia husomwa kama nasaha kwa mwenye akili, na wazee walioituma kwetu hawakuacha maelekezo ya ipi ndiyo maana yake. Mama wa bondia ataisoma kwa namna moja. Shabiki ataisoma kwa namna nyingine, kwa kuwa kilio hakitaingia nyumbani kwake.

Visiwani jambo hili lilipata sura yake ya pekee. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ya Zanzibar iliupiga marufuku mchezo wa ngumi, na kwa karibu miaka sitini Mzanzibari aliyetaka kupigana ilimpasa kuvuka bahari. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2023, na Januari 2024 Mwakinyo mwenyewe alipanda ulingoni Unguja, katika uwanja wa Amaan, akamshinda Mbiya Kanku wa Kongo. Jamii nzima, basi, iliwahi kuamua kuukwepa mchezo huu, na hakuna aliyeiita jamii hiyo mwoga. Mtu asiyetaka kupigana kabisa hana lawama. Lawama humpata yule anayetaka kuitwa bingwa.

Hapo ndipo fundo lilipo. Ubingwa si sifa kama urefu au wepesi, ambayo mtu huwa nayo hata akiwa peke yake chumbani. Ni neno la kulinganisha. Anayesema "mimi ni bingwa" amesema jambo juu ya wengine: kwamba wamejaribu, au wanaweza kujaribu, wakashindwa. Malenga wa pwani waliishi katika kanuni hiyo hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilipokuwa na uhasama, Muyaka bin Haji wa Mombasa alitupa tungo zake ng'ambo, na Zahidi Mngumi wa Lamu akajibu. Gazeti la *Mambo Leo*, lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, lilibeba malumbano ya washairi wa bara na pwani kwa miaka mingi. Mtunzi aliyetupiwa fumbo akanyamaza hakuvuliwa kofia yake na mahakama yoyote, lakini kila msomaji alijua nani anadaiwa jibu. Tofauti ni kwamba beti hazivunji taya. Ndiyo maana mtu hawezi kuichukua kanuni ya malenga na kuitwika shingoni mwa bondia bila ya kusita.

Tofauti nyingine ni ya namna mchezo wenyewe unavyoendeshwa. Titus Simba alipoipatia Tanzania medali ya fedha katika michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, na Michael Yombayomba alipochukua dhahabu Kuala Lumpur mwaka 1998, hapakuwa na swali la nani alimkimbia nani. Katika ngumi za ridhaa wapinzani hupangwa kwa kura, na aliyepangiwa asipotokea amejitoa. Katika ngumi za kulipwa hakuna kura. Kuna promota, kuna vyama na mikanda yao mingi, kuna televisheni, kuna fedha za kugawana, na katikati yake yuko bondia ambaye mara nyingi hakushauriwa. Nusu ya mabingwa wanaoitwa waoga huenda waliambiwa tu na wenye fedha kwamba pambano hilo halilipi.

Hata hivyo, ikiwa deni lipo, mdai wake hakai kijiweni. Mdai ni yule aliyekwepwa. Shabiki akikosa pambano amekosa jioni moja ya furaha, na wiki ijayo atapata nyingine. Bondia aliyenyimwa nafasi amenyimwa kitu kisichorudi, kwa kuwa mwili wake una miaka michache ya kuwa vile ulivyo. Kumkwepa mtu si lazima umwambie hapana. Inatosha kumwambia mwakani.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili umo katika maisha ya Jack Johnson, na ndiyo sababu habari yake inachoma. Johnson, Mmarekani mweusi, alinyimwa nafasi kwa sababu ya rangi yake. Alimfuata bingwa Tommy Burns hadi Australia, na tarehe 26 Desemba 1908, mjini Sydney, akauchukua ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Hakuna mtu aliyejua kuliko yeye uchungu wa kusubiri mlangoni. Lakini tangu siku hiyo hadi aliponyang'anywa ubingwa mwaka 1915, Sam Langford, mweusi mwenzake, hakupata nafasi. Johnson alikwisha kumshinda mwaka 1906, kabla hajawa bingwa, na Langford alikuwa ameimarika sana baada ya hapo. Wanaomtetea Johnson husema wenye kumbi hawakutaka kulipia watu weusi wawili wapigane. Hoja hiyo ina ukweli wake, ila mwaka 1913 alipigana Paris na mweusi mwingine, Jim Johnson, wala si Langford. Baada yake akaja Jack Dempsey, bingwa kuanzia 1919 hadi 1926, na Harry Wills akasubiri miaka hiyo yote. Mikataba ilizungumzwa, magazeti yakaandika, na mikono ya Wills ikazeeka. Dhuluma ya rangi iliwafunika wote watatu, Johnson, Langford na Wills, lakini mmoja wao, alipopata ufunguo, naye alifunga mlango.

Je, kila kukataa ni kukimbia? La hasha. Februari 1980 Muhammad Ali alitua Dar es Salaam akiwa mjumbe wa Rais Carter wa Marekani, kuishawishi Tanzania isusie michezo ya Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Hakuna kijiwe kilichosema Nyerere alimkimbia Ali, kwa sababu msimamo wake ulikuwa wazi na haukuyumba: Tanzania ilikwenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Anayekataa kwa sharti linalojulikana, kisha akalishikilia sharti hilo hata likimgharimu, hajakimbia. Anayetiliwa shaka ni yule ambaye sharti lake likitimizwa huzaa jingine: leo uzani, kesho ukumbi, keshokutwa mgawo.

Kipimo hiki ni rahisi kukitamka na kigumu kukitumia kwa haki, na Kariakoo yenyewe imelithibitisha hilo kwa upande wa soka. Tarehe 8 Mei 2021 muda wa mchezo wa watani ulisogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Yanga walifika kwa muda wa awali, wakaondoka. Watu wa Simba wakasema wamekimbia. Watu wa Yanga wakasema kanuni ni kanuni. Tarehe 8 Machi 2025 Simba walilalamika kuwa wamezuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mchezo, wakagoma kucheza, na mchezo ukaahirishwa. Hapo wa Simba wakawa ndio watu wa kanuni, na wa Yanga wakawa ndio wenye neno la kukimbia. Hoja zilivuka Mtaa wa Msimbazi kwenda Jangwani, na za Jangwani zikaja Msimbazi, bila ya kubadilisha hata nguo.

Ndiyo maana Francis Cheka wa Morogoro anastahili kutajwa kwa heshima hata na wale wasiompenda. Mkanda wa WBF alioutwaa kwa kumshinda Mmarekani Phil Williams Dar es Salaam, Agosti 2013, ndio unaokumbukwa na magazeti. Lakini jambo adimu zaidi katika maisha yake ya ulingoni ni orodha ya Watanzania wenzake: Rashid Matumla, aliyekuwa nyota wa kizazi kilichotangulia, Mada Maugo, Karama Nyilawila, Thomas Mashali. Hao walikuwa majirani, watu wa kukutana nao stendi. Kila mmoja alikuwa na mashabiki wa kumcheka Cheka mwaka mzima endapo angeanguka. Alipanda nao.

Mashali aliuawa Dar es Salaam mwaka 2016, angali bondia. Mjadala juu yake na Cheka haukuisha kwa kifo hicho, ila ni mjadala wa namna nyingine kabisa. Watu wake hawasemi kwamba angempiga kama angepewa nafasi. Wanabishana juu ya ngumi zilizorushwa: ipi ilitua, ipi ilikwepwa, na majaji walikuwa wanatazama wapi.