Shina Ndilo Linalokubeba

Somo: Warumi 11:1-29



Majuzi ushirika wetu mmoja wa nyumbani uliisha vibaya. Tulikuwa tumefika Warumi 11, na mimi nilidhani tutamaliza kabla chai haijapoa. Wapi! Ndugu mmoja, yule mwenye bendera ndogo ya Israeli kwenye dashibodi ya gari lake, alisoma Mwanzo 12:3 akasema Mkristo asiyeunga mkono Israeli kwa kila jambo amejilaani mwenyewe. Ndugu mwingine akamjibu kwamba Mungu alimalizana na Israeli mwaka 70, Warumi walipobomoa hekalu. Sasa kanisa ndilo Israeli, na hao wengine ni taifa kama Ubelgiji.

Wa kwanza akaleta historia. Akasema hata Waingereza walijaribu kuwapa Wayahudi nchi hapa kwetu, Mungu akakataa. Hilo la Waingereza ni kweli. Mwaka 1903 serikali yao ilitaja nyanda za Uasin Gishu, upande wa Eldoret ya leo, na mwaka 1905 mkutano mkuu wa Wazayuni kule Basel ukakataa. Wa pili akauliza, "Kwani hiyo Uasin Gishu haikuwa na wenyewe?" Hapo sauti zikapanda. Waliondoka bila kuagana, na Jumapili niliona mmoja amehama kiti.

Lakini kabla hatujafunga kwa maombi, mama mmoja aliyekuwa kimya jioni yote aliuliza swali. Alisema, "Pasta, kama Mungu aliwaahidi hawa watu milele, halafu akawaacha, mimi nimeshika nini?"

Mumewe aliondoka mwaka jana, baada ya miaka 22 ya ndoa. Nyumba nzima ilinyamaza. Sikuwa na jibu la haraka, nikamwambia nitajibu kwa maandishi. Yeye na ndugu wale wawili wameniruhusu kusimulia haya, na hili ndilo jibu.

1. Mungu hajawatupa watu wake

Swali la mama huyu ndilo lililomfanya Paulo aandike sura ya 9 hadi 11. Angalia mpangilio. Mwisho wa sura ya 8 Paulo anatangaza kwamba hakuna kitu cha kututenga na upendo wa Mungu. Sote tunapaza sauti, Haleluya! Lakini mtu wa Roma angeinua mkono na kuuliza, na Israeli je? Si waliahidiwa pia? Mbona wengi wao wako nje?

Nilisomea biashara kabla ya kuitwa katika huduma, na kitu cha kwanza tulichofundishwa kuhusu mikopo ni hiki: kabla hujampa mtu pesa, angalia alilipaje za mwanzo. Sacco inafanya hivyo. Benki inaangalia CRB. Sasa Israeli ndiyo rekodi ya Mungu. Ahadi alizompa Ibrahimu, Isaka na Yakobo zilitangulia ahadi tunazozidai sisi kila Jumapili. Kama hizo za kwanza alizikanyaga, ahadi zako na zangu zina dhamana gani?

Ndiyo maana Paulo anajibu kwa nguvu: hasha! Kisha anajitoa yeye mwenyewe kama ushahidi. Yeye ni Mwisraeli, wa kabila la Benyamini, na ameokoka. Anamkumbusha Eliya, aliyedhani amebaki peke yake, kumbe Mungu alikuwa na 7,000 ambao Eliya hakuwahesabu. Na katika mstari wa 29 anafunga hoja: Mungu akitoa karama na kuita mtu, habadilishi nia.

Mama, umeshika Mungu wa namna hiyo. Mume anaweza kuondoka. Huyu hajawahi kuondoka.

2. Usijisifu juu ya matawi

Barua hii ilikuwa na sababu. Matendo 18:2 inasema Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi kutoka Roma, na ndivyo Akila na Prisila walivyofika Korintho. Klaudio alikufa mwaka 54. Miaka michache baadaye Paulo anawaandikia Warumi, na katika 16:3 Akila na Prisila wamesharudi. Hebu fikiria hali ilivyokuwa. Ni kama mtu aliyefungua duka, akafukuzwa mjini, na akirudi anakuta wafanyakazi wamebadilisha hata jina la mlangoni. Waumini wa mataifa walikuwa wameshazoea kanisa bila Wayahudi, na wengine walianza kuona ni afadhali hivyo.

Paulo anawapeleka shambani. Wakulima wa avokado mnajua kupandikiza. Unachukua kikonyo kizuri cha Hass, unakiunga kwenye shina la kienyeji lenye nguvu. Kizuri kinaingia kwenye cha kawaida. Lakini Paulo anasema kwa mzeituni Mungu alifanya kinyume: alichukua tawi la porini, lisilo na thamani sokoni, akaliunga kwenye shina zuri. Si kawaida ya mkulima kufanya hivyo. Tawi hilo ni wewe na mimi. Halafu tawi la porini lianze kuwacheka matawi yaliyokatwa? Paulo anasema kumbuka wewe hulibebi shina, linakubeba wewe.

Na tunajua tawi likijisifu linafika wapi. Mwaka 1543 Martin Luther, mtumishi aliyetufundisha mengi kuhusu neema, aliandika kitabu akishauri masinagogi yachomwe moto. Miaka 400 baadaye Wanazi waliua Wayahudi wapatao milioni 6, katika bara lililojaa makanisa. Kwa hiyo ndugu yangu unayesema Mungu alimalizana nao, nakusihi kwa upendo: soma tena mstari wa 20 na 21. Kama hakuyaachilia matawi ya asili, wewe uogope. Na mstari wa 23 unasema ana uwezo wa kuyapandikiza tena.

Hata jina letu litukumbushe. Pentekoste ni sikukuu ya Wayahudi. Wale 3,000 wa Matendo 2 walikuwa Wayahudi na waongofu wao. Sisi ndio tuliofika tumechelewa.

3. Mlango ni mmoja

Sasa nigeukie upande wa pili. Wako wanaofundisha kwamba Wayahudi wana njia yao ya Torati na sisi tuna Yesu, kila mtu na njia yake. Linasikika kama heshima. Lakini kama ni kweli, Paulo analia nini katika 9:2? Mbona katika 10:1 anaomba waokolewe? Na Petro aliposema katika Matendo 4:12 kwamba hakuna jina lingine, hakuwa akiwaambia watu wa mataifa. Alikuwa mbele ya wazee wa Israeli, Yerusalemu.

Mtauliza, na "Israeli wote" wa mstari wa 26 ni nani? Hapo watumishi wa Mungu wametofautiana tangu zamani. John Calvin alielewa ni watu wote wa Mungu, Wayahudi na mataifa pamoja. Wengine wengi wanaelewa ni Wayahudi kumgeukia Masihi kwa wingi siku za mwisho. Mimi nikisoma mstari wa 25 hadi 28 naona hilo la pili, na ninaliombea. Lakini yeyote kati yenu akiona la kwanza, bado ni ndugu yangu, na bado atapakuliwa chai. Jambo tusiloweza kuachana nalo ni hili: atakayeokoka, Myahudi au Mluhya, Mjaluo au Mwarabu, ataokolewa na damu ya Yesu.

4. Unabii haukupewa ili tuhesabu siku

Hapa nina la kuungama. Mwaka 2014 na 2015 mwezi ulipatwa mara nne, na kila mara iliangukia Pasaka au Sikukuu ya Vibanda ya Wayahudi. Wahubiri wa Marekani waliuita mwezi wa damu. Mimi nilikuwa kiongozi wa ushirika wa wanafunzi chuoni, nikahubiri kwa moto kwamba kufikia Septemba 2015 jambo kubwa litatokea Israeli na huenda tusione Krismasi. Rafiki yangu mmoja aliniamini. Hakulipa karo ya muhula ule, alisema kuna haja gani. Septemba ikapita. Mitihani ikaja, na jina lake halikuwa kwenye orodha. Ilimchukua miaka miwili kurudi darasani. Alinisamehe, lakini mimi sijasahau.

Nilikuwa nimesoma mahubiri mengi ya unabii na kuruka Matendo 1:6-8. Wanafunzi walimuuliza Yesu swali letu hili hili: je, wakati huu utarudisha ufalme kwa Israeli? Hakusema swali ni la kijinga. Alisema nyakati ziko mikononi mwa Baba, kisha akawapa kazi ya kuwa mashahidi. Tarehe hakuwapa.

Na hapa nizungumze na ndugu yangu wa bendera, maana nakupenda. Kubariki Israeli hakumaanishi kukubali kila jambo serikali inafanya. Yeremia aliwapenda Israeli kuliko sisi, na aliwakemea wafalme wao mpaka wakuu wakamtupa shimoni. Katika Amosi 9:7 Mungu anawauliza Israeli kama wao si sawa na Wakushi kwake, yaani watu wa Afrika hii yetu. Aliyechagua Israeli hakuwahi kutusahau sisi wengine.

Oktoba 7, 2023 watu wapatao 1,200 waliuawa Israeli, na wengine wakachukuliwa mateka. Siku 12 baadaye, huko Gaza, bomu la Israeli liliporomosha jengo ndani ya uwanja wa kanisa la Mtakatifu Porphyrius, na Wakristo waliokuwa wamejificha hapo wakafa. Hao pia ni matawi ya mzeituni huu. Kama kuna mama wa Tel Aviv na mama wa Gaza wanaolia leo, na wewe una machozi ya mmoja tu, moyo wako umeongozwa na habari za runinga kuliko Roho Mtakatifu. Waefeso 2:14 inasema Kristo alibomoa ukuta kati ya Myahudi na mataifa. Tusiujenge tena, kwa matofali ya upande wowote.

Tufanye nini basi?

Kwanza, tuombee wokovu wa Wayahudi, kwa jina la Yesu, kama Paulo alivyofanya. Tuwaombee pia Wapalestina na kanisa dogo lililo kati yao.

Pili, usitumie pesa ya karo au ya chakula kununua chupa ya mafuta au maji eti kwa sababu yametoka Israeli. Baraka ya Ibrahimu ilitufikia kwa Kristo, Wagalatia 3:14, na haina bei.

Tatu, mtu akikupa tarehe, mpe Matendo 1:7, kisha uende kazini Jumatatu kama kawaida.

Na kwa mama aliyeuliza: wakati watoto wamelala na nyumba imenyamaza, na wazo lile linarudi kwamba hata Mungu huenda akachoka nawe, fungua Warumi 11. Hesabu miaka tangu Ibrahimu. Watu wale walinung'unika, waliabudu ndama, walipelekwa Babeli, wengi wao walimkataa Mwana mwenyewe. Na bado Mungu anasema katika mstari wa 28 kwamba ni wapendwa kwa ajili ya baba zao. Asiyechoka na hao hatachoka na wewe. Hulibebi shina, mama. Linakubeba.

Ndugu zangu wawili, Jumatano nawangoja wote. Mmoja ataleta mkate, mwingine atapika chai, na mtakaa kiti kimoja.

Tuombe: Baba, asante kwa kutupandikiza mahali tusipostahili. Tuondolee kiburi. Wakumbuke watu wako wa kwanza, uwape kumwona Masihi wao. Wafariji wanaolia pande zote mbili. Na aliyeachwa kati yetu ajue leo kwamba wewe hujamwacha. Katika jina la Yesu, Amina.

Maswali ya ushirika wiki hii: (1) Ni kundi gani la watu unalojiona bora kuliko wao, na Warumi 11:18 inakuambia nini? (2) Ni ahadi gani ya Mungu unaona ni vigumu kuiamini sasa hivi? Mwambie mwenzako mmoja, muombe pamoja.