Tafakari ya Ramadhani: Salah, Achraf na Athumani wetu



 Leo tuzungumze mpira kidogo. Najua wapo wanaopitia kibanda umiza baada ya tarawehe, na vijana wa madrasa ndio kabisa, hawana habari nyingine. Swali lenyewe wamelileta wao: mtu akitamka vibaya jina la mchezaji Mwislamu, ana dhambi? Na anayemsahihisha, ana thawabu?

Tuanze na Mohamed Salah, maana ndiye aliyezua ubishi. Watangazaji wengi wa Ulaya humwita "Sala". Nasi tunalipokea hivyo hivyo, halafu tunafurahi kwamba kumbe anaitwa sala, ibada. Sio. Jina lake linaanza na swad na kuishia na ile ha ya kooni, ha ya Muhammad. Maana yake ni wema, kutengemaa. Swala unayoswali inaanza na swad hiyo hiyo, lakini mwisho wake ni ta marbuta. Na ukiondoa swad ukaweka sin, Mwarabu akisoma maandishi yako ataona silaha! Tena jina hili si geni kwako. Swaleh, suluhu, maslahi, yote yametoka kwenye mzizi huo mmoja. Kila siku unao mdomoni.

Achraf Hakimi wa Morocco naye. Wafaransa huandika "ch" pale sisi tunapoandika "sh", na Wamorocco wengi huandika majina yao kwa mtindo huo. Kwa hiyo ile si "ch" ya chapati. Ni Ashraf, mwenye sharafu zaidi. Hakim Ziyech vilevile, mwisho wake ni "sh". Na huyo Hakimi si hakimu wa mahakamani. Ni kutoka hakiim, mwenye hekima. Zinedine Zidane, aliyefunga mabao mawili fainali ya Kombe la Dunia 1998, ni Zainuddin, pambo la dini. Wangapi tulishangilia bila kujua?

Hata klabu. Ile aliyokwenda Cristiano Ronaldo kule Saudia inaandikwa Al-Nassr, lakini nun ni herufi ya jua, lam inamezwa: An-Nasr, kama sura. Al-Hilal lam inasikika, kwa sababu ha ni herufi ya mwezi. Mtoto anayesoma Juzuu Amma analijua hili.

Haya, dhambi iko wapi? Kwa asiyejua sioni dhambi. Allah Subhanahu wa Taala ametuambia katika Surat Ar-Rum kwamba kutofautiana kwa ndimi zetu ni katika ishara zake. Na anayesoma Qur'ani kwa taabu, ulimi ukimkwama, hadithi sahihi inamwahidi ujira mara mbili. Ikiwa Qur'ani ni hivyo, itakuwaje jina la mgongoni mwa jezi? Dhambi naiona pale mtu ameshaambiwa, anajua, na bado analipotosha ili watu wacheke. Hapo umeingia kwenye Al-Hujurat aya ya 11, kubandikana majina ya kejeli.

Lakini ninayemhofia zaidi ni huyu anayesahihisha. Kijana kajifunza makharij miaka miwili, anakaa mbele ya televisheni na kumkatiza mzee mbele za watu: "Babu, si Athumani, ni Uthman." Makharij anayajua, kumwamkia mzee hajui.

Athumani si kosa. Ni Uthman aliyesafiri na dini mpaka pwani yetu akapata sauti ya hapa. Afrika Magharibi akawa Ousmane, ndiyo huyo Dembélé wa Ufaransa. Muhammad huko akawa Mamadou, Uturuki akawa Mehmet. Utawaambia wote hao hawajui majina yao?

Utanibana hapa: mbona basi "Sala" ya Waingereza naikataa na Athumani naikubali? Kwa sababu Athumani aliitwa hivyo na mama yake, na akiitwa anaitika. "Sala" amebandikwa na watu wa nje wasiotaka kuuliza. Mwenye jina ndiye mwenye neno. Katika Bukhari yumo mtu aliyeitwa Hazn, maana yake ugumu. Mtume (s.a.w.) alimpendekezea jina la Sahl, wepesi. Akasema habadilishi jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake alisema baadaye kuwa ule ugumu ulibaki katika ukoo, lakini Mtume hakumlazimisha. Sasa wewe unamlazimisha babu kwa sababu ya mpira?

Mahali pamoja tu sina ulegevu. Abdulrazak tunamkata anakuwa "Razaki", Abdulrahman anakuwa "Rahmani". Ar-Razzaq na Ar-Rahman ni majina ya Mola peke yake, hayabebwi na mwanadamu. Na "Abdul" peke yake ni "mtumwa wa", halafu wa nani? Sentensi imekatika. Hili msahihishe rafiki yako, kwa upole, mkiwa wawili.

Na kuandika? Andika kama mwenyewe anavyoandika. Achraf kwenye karatasi abaki Achraf, mdomoni awe Ashraf. Wachezaji hawa wana jezi zenye herufi zilezile moja kwa moja. Watoto wetu je? Cheti cha kuzaliwa Swaleh, cha shule Salehe, kitambulisho Saleh. Akifika miaka ishirini anaomba mkopo wa chuo au pasipoti, anaambiwa hawa ni watu watatu. Anazungushwa na hati za kiapo, nauli ya baba inaisha, na nafasi inaenda kwa mwingine. Mtoto hana kosa. Kila karani aliandika alivyosikia, na sisi wazazi hatukusoma kabla ya kutia saini.

Kwa hiyo mwenye mtoto anayeanza shule, au aliyezaliwa mwezi huu mtukufu, aje na vyeti vyake baada ya Alasiri, kuanzia kesho. Nitakuwa barazani mpaka karibu na futari. Tutaliandika jina kwa Kiarabu na kwa herufi za Kilatini, mtachagua tahajia moja, nanyi mtaondoka na karatasi ya kumwonyesha karani.