Jembe la Siku ya Tatu: Umri na Ukaribisho katika Programu Huria

Katika falsafa ya jamii lipo swali la zamani ambalo kompyuta haikulizaa bali imelifufua: ni kitu gani kinachompa mtu haki ya kuhesabiwa miongoni mwa wenye mali ya pamoja? Je, ni kuzaliwa ndani yake, ni kuitumia, au ni kuitolea jasho? Swali hili huulizwa mara chache kuhusu programu huria, yaani programu za kompyuta ambazo leseni zake humruhusu kila mtu kuzitumia kwa kusudi lolote, kuchunguza namna zinavyofanya kazi, kuzirekebisha na kuwagawia wengine, kwa sababu wengi hudhani kwamba leseni yenyewe imekwisha kulijibu. Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983, na kuanzisha taasisi ya Free Software Foundation miaka miwili baadaye, hakuweka sharti la umri. Nayo miongozo ya mradi wa Debian, iliyopitishwa mwaka 1997, inakataza leseni kumbagua mtu yeyote au kundi lolote la watu. Kwa mujibu wa maandishi, basi, mtoto wa darasa la tatu na bibi wa miaka 80 wana haki ileile aliyo nayo mhandisi wa Dar es Salaam. Haki hiyo ni ya lazima, lakini si ukaribisho, na tofauti iliyopo kati ya mambo haya mawili huonekana vizuri mtu akitazama jinsi watu wa Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi, walivyoishi na mali yao ya pamoja iliyo kongwe kuliko zote, nayo ni maji.

Maji hayo huletwa na mfongo, yaani mfereji wa asili unaochepusha maji ya mto huko juu mlimani na kuyateremsha kwa kufuata ukingo wa kilima hadi kwenye vihamba, ambavyo ni mashamba ya ukoo yenye migomba na kahawa yanayoizunguka nyumba. Mfongo ulichimbwa na ukoo, ukatunzwa na wote wanaoutumia: kila kaya inayopata zamu ya maji huwajibika kutoa mtu siku ya kusafisha, asiyefika hutozwa faini au hunyimwa zamu, na wakati vijana wenye nguvu wanapozoa matope na kupanga mawe, wazee ndio wanaogawa zamu na kusuluhisha ugomvi wa waliochepusha maji usiku. Hakuna anayeuliza kama mzee asiyeshika tena sururu ni mwanachama wa mfongo, maana kugawa zamu nako ni kazi, tena ni kazi inayoweza kuuvunja mfongo wote ikifanywa vibaya.

Hata hivyo, ingekuwa ni kuisifu desturi kupita kiasi kama kasoro yake ingenyamaziwa. Kwa mila ya zamani, wanawake hawakushirikishwa katika uchimbaji na usafishaji wa mfongo, ingawa wao ndio waliochota maji yake kila siku na kuyatumia shambani na jikoni. Na kwa kuwa hawakuwamo katika kazi, hawakuwamo katika baraza la mfongo pia. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Hakuna aliyewazuia kuyatumia maji. Walichonyimwa ni kazi, na kwa kunyimwa kazi walinyimwa neno. Jumuiya ya programu huria, ambayo hujivunia kwamba mlango wake hauna komeo, hufunga kwa namna hiyohiyo bila kujua, kwa sababu uamuzi ndani yake huwa mikononi mwa wanaofanya kazi, na kazi hugawiwa na waliokwisha kuingia.

Methali isemayo kwamba mgeni ni siku mbili na siku ya tatu apewe jembe ilitumiwa na Mwalimu Nyerere katika insha yake ya mwaka 1962 kuhusu ujamaa, na tangu hapo imezoeleka kusomwa kama onyo kwa mvivu. Usomaji huo ni wa kweli lakini ni wa upande mmoja, kwani methali hiyo humwajibisha mwenyeji pia: siku ya tatu ikifika ni lazima awe na jembe la kutoa, na liwe linalolingana na mkono wa mgeni. Wakristo wa Uru, ambao wengi wao ni Wakatoliki, wanaijua hoja hii kutoka kwenye Injili ya Mathayo, sura ya 20, katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Wahubiri hupenda kukazia dinari waliyolipwa sawa wote. Hukazia kwa nadra zaidi kwamba wale wa saa ya kumi na moja walikuwa wamesimama sokoni kutwa kwa sababu hakuna aliyewaajiri, na kwamba mwenye shamba hakuwapa sadaka hapohapo sokoni, bali aliwapeleka shambani. Mzee anayeishika kompyuta kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 70 ni mfanyakazi wa saa ya kumi na moja, na kinachohitajika ni mtu wa kumwonyesha safu yake ya mizabibu.

Ni haki kukiri kwamba jumuiya ya programu huria imejaribu kuwaandalia nafasi watu wa umri mbalimbali, lakini majaribio yenyewe yanaonyesha ilivyozoea kufikiri. Mpango wa Google Summer of Code, unaowalipa watu posho ili wajifunze kuandika programu huria chini ya uangalizi wa wazoefu, ulianza mwaka 2005 ukiwa wa wanafunzi wa vyuo peke yao, na ni mwaka 2022 tu ulipofunguliwa kwa kila anayeanza aliyetimiza miaka 18. Kwa vijana wa miaka 13 hadi 17 palikuwa na shindano la Google Code-in, lililofanyika kuanzia mwaka 2010 hadi 2019 likakoma. Watoto wadogo wanayo GCompris, mkusanyiko mzuri wa michezo ya kujifunzia ulioanza mwaka 2000 kwa ajili ya watoto wa miaka 2 hadi 10, lakini humo mtoto ni mtumiaji zaidi kuliko mtengenezaji. Mwanachama anayefikiriwa bila kutajwa ni kijana wa kati ya miaka 20 na 40, na kazi inayofikiriwa ni kuandika msimbo, yaani yale maagizo ambayo kompyuta huyafuata.

Katika Uru mpangilio huo hugongana na jambo zito zaidi, nalo ni heshima. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyefanya kazi Old Moshi na kuandika sana juu ya sheria na mafundisho ya Wachagga, aliyaona maisha ya mlimani kuwa yameshikwa na vifungo vitatu, yaani ukoo, ujirani na rika, na katika kifungo cha rika elimu ilishuka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Kompyuta imeupindua mteremko huo: mjukuu ndiye ajuaye, babu ndiye aulizaye, na babu wengi huona afadhali kunyamaza kuliko kuuliza. Tanzania imewahi kulikabili jambo la namna hii, kwani mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na katika kampeni ya kisomo iliyofuata, wakulima wenye wajukuu walifundishwa kusoma na walimu wa kujitolea, wakiwemo vijana waliotoka tu darasa la saba. Kampeni hiyo iliwaheshimu wanafunzi wake kwa kuwafundisha kwa maandishi ya kilimo na ya uchumi wa mazao yao, mambo ambayo mwanafunzi aliyajua kuliko mwalimu. Hilo ndilo jembe la mzee: kazi ambayo ndani yake yeye ni mamlaka.

Kazi hiyo ipo kwa wingi. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioshirikiana na wataalamu kutoka Sweden na kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ambayo ni programu ya ofisi kwa Kiswahili, ulihitaji watu wanaoijua lugha sawasawa na ulivyohitaji wanaoijua kompyuta. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambao Kiswahili kilijiunga nao mwaka 2021, hukusanya sauti za watu wanaojitolea kusoma sentensi ili mashine zifundishwe kusikia usemi wa binadamu, na humwachia mchangiaji hiari ya kutaja umri wake. Mashine iliyofundishwa kwa sauti za vijana peke yao itamsikia vibaya bibi wa Shimbwe huko Uru, na hakuna mhandisi awezaye kuliziba pengo hilo kwa niaba yake. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwaweka wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi wa mitaa inayofurika, kijana akishika kifaa na mkazi akitaja njia ya maji. Shimbwe Juu, upande huohuo wa Uru, ilitambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo kwa ajili ya vihamba vyake, na wanaojua majina ya migomba, ya mifongo na ya mabanio yake ni wazee.

Ipo hatari hapa. Mzee anaweza kugeuzwa machimbo ya maarifa, akahojiwa, akashukuriwa, akasahauliwa, na huo si uanachama. Anakuwa mwanachama pale anapokuwa na uwezo wa kukataa, yaani anaposema kwamba neno fulani si sahihi na neno hilo likaondolewa. Kwa mtoto kipimo ni hichohicho, isipokuwa sheria huongeza ulinzi: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazuia taarifa za watu kushughulikiwa kiholela, hivyo kazi yake ipitie kwa mzazi au mwalimu. Lakini ndani ya ulinzi huo apewe kazi ya kweli, kama vile kujaribu programu na kueleza ilipokwama, wala asipewe mazoezi yatakayotupwa.

Wapo watakaojibu kwamba katika programu huria kinachopimwa ni ubora wa kazi, si umri wa mtu. Jibu hilo lina heshima yake, na pengine limemfaa kijana wa miaka 14 ambaye hakuna aliyejua umri wake. Ila linachukulia kwamba kila mtu amekwisha kupewa kitu cha kupimwa nacho. Moshi, mji wa ushirika tangu wakulima wa kahawa walipoanzisha chama chao mwaka 1925 na kisha chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, unalifahamu tatizo hilo kwa uchungu. Kanuni ya kwanza ya ushirika, kama ilivyoandikwa Manchester mwaka 1995, inafungua uanachama bila ubaguzi wa jinsia, hali ya kijamii, rangi, siasa wala dini, lakini umri haukutajwa. Chama cha kahawa hakikuhitaji kuwafukuza vijana, kwani kijana asiye na kihamba hana kahawa, na asiye na kahawa hana cha kupeleka chamani.

Hoja ya mali ya pamoja imeguswa na Kanisa pia: Papa Benedikto XVI, katika waraka wake wa mwaka 2009 unaoitwa Caritas in Veritate, alilaumu nchi tajiri kwa kuyalinda maarifa kupita kiasi kwa haki za umiliki, hasa katika afya. Kanisa linalofundisha hivyo lina jumuiya ndogo ndogo za Kikristo zinazokutana nyumba kwa nyumba katika vitongoji vya Uru, babu, mama na mtoto wakiwa kwenye benchi moja, jambo ambalo kundi la waandishi wa programu hulipata kwa shida. Na kila Desemba wana wa Uru hurudi nyumbani kutoka mijini na simu janja na kompyuta zao. Basi viongozi wa jumuiya hizo, walimu wa shule na vijana wanaorudi wanaombwa wasingoje semina wala mfadhili: waanze na ramani ya mifongo ya Uru, mtoto apige picha, kijana aingize taarifa, mzee awe mhariri mwenye neno la mwisho juu ya majina, na katika orodha ya waliochangia jina la mzee huyo liandikwe kama yanavyoandikwa ya wengine.