Anayenyamaza, je, anamlinda rafiki yake?

Leo tufikiri pamoja juu ya jambo linalowahusu wazazi wote wenye watoto wanaosoma na kulala huko huko shuleni, katika kolezi au universite.

Ni usiku wa Jumamosi. Vijana wanne wanarudi bwenini wakimbeba mwenzao. Amekunywa pombe nyingi. Miguu haimshiki, maneno yake hayaeleweki. Wanamlaza kitandani. Mmoja anasema: « Tumwite msimamizi. » Wengine wanamkatalia: « Ukimwita, kesho tutafukuzwa sote. Mwache alale, asubuhi atakuwa mzima. » Basi wanazima taa.

Je, vijana hao wamemlinda mwenzao? Na sheria ya nyumba inayokataza pombe, je, imemlinda?

Kwanza tuseme wazi: sheria hiyo ni ya haki. Nyumba wanamoishi vijana mia mbili au mia tatu haiwezi kukaa bila masharti. Mlevi mmoja huwanyima usingizi watu ishirini. Mzazi ameuza mbuzi, au amehesabu mshahara wake franka kwa franka, ili mtoto asome, si ili ajifunze kunywa. Tena anayeingia katika nyumba hiyo anayajua masharti yake na kuyakubali. Asije akasema baadaye: « Pombe ndiyo iliyotenda, si mimi. » Mgiriki Aristoteles alikwisha kuujibu udhuru huo zamani sana. Alikumbusha kwamba watunga sheria walimpa mkosaji mlevi adhabu mara mbili, kwa sababu chanzo cha kosa kilikuwa ndani yake mwenyewe: aliweza kukataa kulewa. Neno hilo ni la kweli. Kikombe cha kwanza mtu hukiinua akiwa na akili zake.

Lakini hata sheria ya haki yaweza kushikwa vibaya. Tutazame Marekani, ambako jambo hili limejadiliwa sana. Mwaka 1984 serikali ya nchi hiyo iliamua kupunguza fedha za barabara kwa kila jimbo litakaloruhusu kijana wa chini ya miaka 21 kununua pombe. Kufika mwaka 1988 majimbo yote yalikuwa yamefuata. Kumbe wanafunzi wengi huingia kolezi wakiwa na miaka 18, nao hukaa nyumba moja na wenzao waliokwisha kupita miaka 21. Mwaka 2008 wakuu zaidi ya mia moja wa kolezi na universite waliomba jambo hilo lijadiliwe upya, kwa kuwa waliona vijana wanakunywa kwa kujificha, tena kwa pupa. Wengine waliwajibu kwamba sheria hiyo imepunguza vifo vya vijana barabarani. Sisi hatuamui shauri hilo la miaka. Tunashika neno moja tu: kujificha.

Maana penye kujificha, hatari huzidi. Mwezi wa Februari 2017, katika jimbo la Pennsylvania, mwanafunzi mmoja wa miaka 19 alinyweshwa pombe nyingi katika nyumba ya chama cha wanafunzi alichokuwa akiingia. Alianguka kwenye ngazi, akaumia vibaya. Muda wa karibu saa 12 ulipita kabla wenzake hawajaita msaada. Alikufa.

Na hata asiyeanguka aweza kufa. Mlevi akilala, pombe iliyo tumboni bado inaingia katika damu. Kwa hiyo hali yake yaweza kuwa mbaya zaidi baada ya kulala kuliko alipokuwa akinywa. Ini huiondoa pombe polepole tu. Kahawa haiharakishi kazi hiyo, wala maji ya baridi. Akitapika naye amezimia, matapishi yaweza kumziba pumzi. Mtu asiyeamka akiitwa, anayepumua polepole sana au kwa kukatakata, mwenye ngozi ya baridi, huyo si mtu aliyelala. Ni mgonjwa wa hatari. Alazwe ubavu, asiachwe peke yake, na munganga aitwe upesi.

Turudi sasa kwa wale vijana wetu. Kwa nini walinyamaza? Si kwa ubaya wa moyo. Waliogopa kufukuzwa, na zaidi waliogopa kuitwa wasaliti. Walidhani kwamba rafiki mwema ni yule anayeficha kosa la rafiki yake. Lakini anayelificha kosa mpaka mwenye kosa akafa, amelinda nini? Amelinda jina la mtu, amemwacha mtu mwenyewe. Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humfichua.

Wakubwa wa nyumba nao wajiulize. Ikiwa aliyeita msaada anapata adhabu, na aliyenyamaza hajulikani kamwe, basi nyumba yenyewe inawafundisha vijana kunyamaza. Universite ya Cornell, huko Marekani, iliyaona hayo. Mwaka 2002 ilianza kufuata kanuni hii: mwanafunzi anayeita msaada kwa ajili ya mwenzake aliyezidiwa na pombe haadhibiwi kwa kuvunja sheria ya pombe, wala aliyesaidiwa haadhibiwi, lakini huyo aliyesaidiwa ataitwa baadaye azungumze na mshauri juu ya kunywa kwake. Waliochunguza waliona kwamba wanafunzi walizidi kuita msaada. Pennsylvania nayo, mwaka 2018, ilitunga sheria kali juu ya vyama vinavyowatesa wanachama wapya, na katika sheria hiyo hiyo ikamkinga anayeita msaada.

Mtu atasema: « Huo ni mlango wa ulevi. Kijana atakunywa apendavyo, kisha atasamehewa. » Tunajibu: tutenge matendo mawili. Kulewa ni tendo moja, kuita msaada ni tendo lingine. La kwanza ni kosa. La pili ni wajibu, na wajibu hauadhibiwi. Mbona basi na aliyelewa asamehewe adhabu? Kwa sababu kijana huogopa kumponza rafiki yake kuliko kujiponza mwenyewe. Ukimtishia rafiki, umefunga kinywa chake. Tena mlevi haachwi hivi hivi. Anaulizwa, anaonywa; na kama alipiga mtu au kuvunja mali, atajibu kwa hayo.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba sheria za watu hazikatazi maovu yote, na kwamba huwaongoza watu kwenye wema hatua kwa hatua, si kwa mara moja. Sheria yaweza kufunga mlango wa bweni saa nne za usiku. Haiwezi kuingia rohoni mwa vijana wanne waliosimama kando ya kitanda. Hapo dhamiri ndiyo inayoamua, nayo hufundishwa kabla ya usiku huo.

Basi, enyi wazazi, mtoto anapofunga sanduku lake, mwambieni maneno mawili, si moja: « Usinywe », na tena, « Mwenzako akianguka, ita msaada, hata kama wewe mwenyewe umekunywa. » Ninyi wakubwa wa nyumba, semeni siku ya kwanza, mbele ya wote, kwamba anayeita msaada hatafukuzwa kwa sababu hiyo; kisha mlishike neno lenu. Nanyi wanafunzi, msidanganywe na jina la usaliti. Kufukuzwa shule ni uchungu, lakini aliyefukuzwa hurudi kwa mama yake akiwa hai. Kabla hamjazima taa, mwiteni mwenzenu kwa jina. Asipoitika, mmoja akae naye, na mwingine akabishe mlango wa msimamizi.