Jiwe Nalo Huchoka

Kwa miaka kama kumi, kuanzia 2014, meli zilipakia mchanga mzito pale Likoni: ilmenaiti, rutaili na zirkoni kutoka Kwale. Desemba 2024 uchimbaji ukakoma. Mchanga wetu ulienda kuwa rangi za ukuta na vigae vya bafu za watu wengine. Kumbe titani na zirkoni, vitu hivyo hivyo, ndivyo Ted Ringwood wa Australia alivyovitumia mwaka 1978 kubuni Synroc, jiwe la kutengenezwa la kufungia taka za nyuklia.

Kwa kawaida taka zile kali huyeyushwa pamoja na kioo, Ufaransa wanafanya hivyo. Shida ni kwamba kioo hakimezi urani nyingi. Ringwood akatazama madini ya asili yaliyokaa na urani tumboni kwa mamilioni ya miaka bila kuitema, akasema tuyaige. Urani isikae kama mzigo ndani ya sanduku. Iwe tofali ndani ya ukuta wenyewe. Moja ya jamii za madini zinazoigwa na watafiti, pairoklori, imo kwenye kilima cha Mrima, huku huku Kwale, pamoja na thori na mionzi inayozidi ya kawaida.

Lakini jiwe nalo huchoka. Kuna punje za zirkoni Australia zenye miaka bilioni 4.4, sawa, ila zirkoni iliyobeba urani nyingi hupigwa na mionzi kutoka ndani, fuwele ikavunjika taratibu, ikavimba. Ndiyo maana mafundi wanatafuta jiwe linalostahimili kipigo hicho.

Mimi kemia naiachia wenyewe. Kinachonisumbua ni ahadi. Finland wamechimba Onkalo, zaidi ya mita 400 chini ya mwamba, na hesabu zao zinafika miaka 100,000. Nani atakuwepo kuwaambia watu wasichimbe? Kwa lugha gani?

Kuna watakaosema: tuna kaya. Kaya Kinondo, pale Diani, unafungwa kaniki nyeusi kabla ya kuingia, na msitu umebaki kwa sababu wazee walikataza, bila kulazimika kumweleza kila mtu kwa nini. UNESCO iliziweka kaya za Mijikenda kwenye orodha yake mwaka 2008. Naziheshimu sana. Lakini nendeni mkaione Kaya Diani, ilivyomegwa ploti baada ya ploti. Mwiko ulikuwepo, wazee walikuwepo. Pesa ya ufukweni haikuuliza.

Kwa hiyo sikubali mpango wowote unaotegemea mlinzi. Kumwachia mjukuu wa mjukuu zamu ya usiku ambayo hakuiomba, kwa umeme ambao hakuutumia, ni kumtwisha deni. Jiwe zuri angalau halimwombi awe mwema. Halimwombi hata ajue tulikuwepo. (Ingawa binafsi ningependa ajue. Kumficha kabisa nako kuna harufu ya wizi.)

Mwaka 2024 watu wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kupinga kinu cha nyuklia, wakitaja samaki na ardhi yao. Wakija na mpango huo tena, popote pwani, mimi kwenye baraza sitaanza na ajira wala bei ya stima. Nitawaambia watuoneshe jiwe kwanza, kisha watuambie litalala wapi.