Namba ya Siri ya Mjomba

Tangu apate kiharusi, mkono wa mjomba hautulii. Akitaka kugusa kioo cha simu mara moja, anagusa mara tatu. Nikampelekea Ngamiani mausi isiyo na waya, nikachomeka kipokezi chake kwenye simu. Kishale kilipotokea, akacheka.

Kubonyeza kukamshinda. Kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, nikawasha ile inayobofya yenyewe kishale kikitulia. Imewekwa kwa anayeweza kusogeza mausi lakini hawezi kubonyeza. Mjomba kusogeza anasogeza, kutulia ndiko hakuna. Akiitafuta 4, kishale kinatua kwenye 7. Nikaongeza muda wa kusubiri, kikawa hakibofyi kabisa. Naye alitaka kununua umeme tu! Mwisho akaisukuma mausi pembeni, akanitajia namba yake ya siri, polepole, huku akitazama barabarani.

“Si wewe, mwanangu?”

Ni mimi. Nyumbani wanasema ameniamini, na wanalisema kwa fahari. Lakini kuamini si kuchagua? Siku ile alikuwa na lipi jingine la kuchagua?

Namba yangu mimi haijui, wala hajawahi kuniuliza.