Mchagua Gitaa Si Mpigaji?

Mchagua jembe si mkulima, walisema wahenga, na methali hii nimeisikia mara nyingi ikitumiwa kumnyamazisha mtu anayeuliza kuhusu kifaa: kamera, cherehani, sasa gitaa. Mtu anataka kujifunza bluzi na jazi, anauliza anunue gitaa gani la umeme, anaambiwa chukua lolote la bei ya chini, ukinogewa utanunua zuri baadaye. Ushauri unaonekana wa busara. Mimi naona kuna dhuluma ndani yake.

Hebu tazama gitaa baya linavyofanya kazi. Nyuzi zimekaa juu mno ya shingo, kidole kinabonyeza mpaka kinauma, na uzi ukibanwa hivyo unavutika, sauti inapanda kuliko inavyotakiwa. Vikazio vya nyuzi vinalegea. Umelityuni sasa hivi, dakika kumi baadaye limeshaacha njia. Mpigaji mzoefu atasema tu, hili gitaa bovu. Anayeanza hana sikio hilo bado. Anasikia ubaya na kuamini ni wake. Baada ya miezi miwili anaacha, nasi tunasema, unaona, hakuwa na nia. Tumempa mtihani wenye majibu ya uongo, halafu tukamfelisha tabia.

Najua jibu linalokuja: bluzi ni muziki wa mafukara. Watoto wa Mississippi walipigilia waya ukutani wakapata ala. Hound Dog Taylor alitikisa vilabu vya Chicago kwa gitaa la bei chee la Kijapani, na albamu yake ya 1971 ndiyo iliyoanzisha lebo ya Alligator. Kweli tupu. Ila Taylor alipiga kwa mrija unaoteleza juu ya nyuzi bila kuzibonyeza hadi chini, na kwa upigaji huo nyuzi zilizonyanyuka ni faida. Alikuwa na kifaa kinachofaa kazi yake, tena mikononi mwake kulikuwa na miaka mingi.

Wenye muziki wenyewe hawakuupenda uduni kama sisi tunavyowapendea. Muddy Waters alifika Chicago mwaka 1943, akaona gitaa la kawaida linamezwa na kelele za vilabu, akahamia la umeme. Charlie Christian alipoingia bendi ya Benny Goodman mwaka 1939 alipiga Gibson ES-150, lililouzwa pamoja na amplifaya yake kwa karibu dola 150, pesa nyingi enzi zile. B.B. King yeye alirudi ndani ya ukumbi unaoungua huko Twist, Arkansas, mwaka 1949, kuliokoa gitaa lake. Mtu hafanyi hivyo kwa kitu anachokiona ni lolote tu.

Upande wa pili nao una ugonjwa wake. Kuna magitaa mapya yanayokwanguliwa rangi kiwandani makusudi, yaonekane yamepigwa baa miaka 40, na mikwaruzo hiyo unailipia. Hapo methali inapata mtu wake. Mnunuzi huyo hajachagua jembe, amechagua jasho la mwingine.

Basi mpaka uko wapi? Mi nauweka hapa: kifaa kisimdanganye anayejifunza. Mengine ni mapambo, na hayo kila mtu na pochi yake.

Mpwa wangu kaniuliza wiki hii kama ni lazima apate gitaa lenye tumbo wazi, maana ndilo analoliona kwenye picha za wapiga jazi. Nikamwambia hapana. Mkanada Ed Bickert alipiga jazi laini kabisa kwa Fender Telecaster, ubao mzima usio na tumbo, ambalo wengi hulihusisha na muziki wa kantri. Alibadilisha pikapu ya upande wa shingo akaweka ya koili mbili, isiyovuma, basi. Na gitaa la tumbo wazi ukilipandisha sauti kwenye amplifaya huanza kupiga mlio lenyewe. Kwenye bluzi ya fujo litamsumbua.

Pesa yake haitoshi kwa Telecaster wala Gibson. Nimemshauri atafute la bei ya chini lenye shingo iliyonyooka, na abakize hela ya fundi wa kushusha nyuzi kabla hajaanza somo la kwanza. Amenuna kidogo. Hela ya fundi ndiyo ingempatia lile jekundu.